Kupiga Ngoma Isiyo na Ngozi: Sauti za Mapigo kwa Triga kwenye Sinthesaiza ya Moduli

Chukua waya unaotoka kwenye saa ya sinthesaiza ya moduli, yaani kipande kinachotoa mapigo ya kuongoza kasi, uuchomeke moja kwa moja kwenye spika. Utasikia "tk". Halafu "tk" nyingine, kavu, kama mtu anayegonga kucha juu ya meza. Hiyo ndiyo triga yenyewe, mpigo mfupi wa umeme, haijavishwa kitu, na wengi wakifika hapa hudhani wamekosea mahali. Hawajakosea. Triga ni kiganja cha mpigaji, na kiganja kikipiga hewa hakilii.

Mpiga chapuo akishusha mkono, ngozi anaigusa kwa kitambo kidogo sana, mkono ukaondoka. Kinachobaki masikioni ni ngozi inayotetemeka, mzinga wa mti na hewa iliyo ndani yake, vyote vikipoteza nguvu, kila kimoja kwa kasi yake. Fumba macho, mtu agonge ngoma kisha sinia kwa mkono uleule: utazitofautisha papo hapo, kwa sababu zinakufa tofauti. Basi kazi yetu yote hapa ni kupanga sauti itakufaje. Kupiga ni sehemu rahisi.

Nitatumia majina ya ala zetu, yaani vumi, dumbaki, kayamba na upatu. Hatutaziiga ziwe zenyewe; nazitaja kwa kuwa masikio yako tayari yanajua kila moja inakwishaje, na hilo litakusaidia kuliko namba zangu.

Vifaa

Sinthesaiza ya moduli ni fremu yenye vipande vilivyo huru: kimoja kinazalisha wimbi la sauti, kingine kinachuja, kingine kinapunguza na kuongeza nguvu. Hakuna kilichounganishwa kabla. Unaunganisha wewe kwa waya. Mfumo ulioenea zaidi ni Eurorack, uliotoka kwa kampuni ya Doepfer ya Ujerumani katikati ya miaka ya 1990: jeki za milimita 3.5, umeme wa volti +12 na −12.

Usianze kwa kununua. Pakua VCV Rack, programu iliyotolewa mara ya kwanza mwaka 2017 na Andrew Belt, yenye toleo la bure linalofanya kazi kwenye Windows, Mac na Linux. Inaiga moduli hizo na nyaya zake kwenye skrini, na ukishapakua moduli unazotaka, intaneti ikikatika kazi inaendelea. Karibu kila ninachoeleza hapa kinafanyika humo kwa moduli za bure za mwanzo kabisa: LFO, VCO, VCF, VCA, ADSR, Noise na miksa. Mwenye vifaa halisi afuate vilevile, namba chache tu zitabadilika.

Jambo moja kabla ya kuanza: shusha sauti ya spika, na hedifoni usivae bado. Filta ikianza kupiga mluzi yenyewe haibishi hodi.

Triga na geti si kitu kimoja

Zote mbili ni umeme unaoruka kutoka sifuri kwenda juu. Triga huruka na kurudi chini mara moja: milisekunde 1, 5, pengine 10. Ndani ya VCV Rack kawaida ni volti 10 kwa milisekunde 1. Kwenye vifaa halisi mara nyingi ni karibu volti 5. Geti linabaki wazi kadiri kidole kinavyoshikilia, kama geti la nyumba: limefunguliwa, watu wanapita, mpaka mtu alifunge.

Kinanda kinahitaji geti, kwa sababu mpigaji ndiye anayeamua noti idumu muda gani. Ngoma haina haja hiyo. Ukishaipiga, muda uliobaki ni wa ngoma yenyewe. Kumbuka tofauti hii, maana robo tatu ya matatizo utakayokutana nayo yatatokea hapo.

Hatua ya kwanza: tengeneza mkono

Weka moduli ya LFO. Ni jenereta la mawimbi ya polepole mno, yasiyosikika kama sauti. Weka kasi yake hezi 2, yaani mara mbili kwa sekunde, na hayo ni mapigo 120 kwa dakika. Chukua tundu la wimbi la mraba, lililoandikwa SQR. Hakikisha swichi ya OFFSET imewekwa ili wimbi liende kati ya volti 0 na 10, lisishuke mpaka −5.

Kwa sasa una geti: wimbi liko juu robo sekunde, chini robo sekunde. Tafuta nobu ya upana wa mpigo (PWM) uizungushe kushoto mpaka asilimia 1. Kila mzunguko una milisekunde 500, asilimia 1 yake ni milisekunde 5. Umepata triga, na hukuhitaji moduli nyingine yoyote. Ukiwa na moduli ya Scope ichomeke uone: kijiti chembamba, halafu uwanda mtupu.

Iache nobu hiyo karibu. Tutairudia.

Hatua ya pili: vumi

Ngoma nzito ndiyo ya kuanzia, kwa sababu ndani yake mna mambo yote. Chukua VCO, yaani osileta, moduli inayozalisha wimbi la sauti; tumia tundu la SIN, wimbi la mviringo lisilo na makali, kisha shusha masafa mpaka hezi 50 hivi. Lipitishe kwenye VCA, na VCA iende kwenye spika. Laptopu yenye spika ndogo haitatoa hezi 50 hata ukiiombea dua, kwa hiyo kwa hatua hii tafuta spika kubwa au hedifoni.

VCA, ile ya kupunguza na kuongeza nguvu, ni bomba, na tunahitaji mtu wa kulifungua na kulifunga. Huyo ni ADSR, moduli ya envelopu, yaani volti inayopanda na kushuka kwa umbo unalolipanga. Herufi zake ni nobu nne: A ni muda wa kupanda, D muda wa kufifia, S kiwango cha kushikilia, R muda wa kuachia. Chomeka triga kwenye tundu la GATE la ADSR, na tundu la kutokea la ADSR lichomekwe kwenye CV ya VCA, tundu linalopokea volti ya kuiongoza.

Hapa ndipo mwongozo mwingi husema "weka A sifuri, S sifuri, halafu urefu wa ngoma uutafute kwa D". Ukifanya hivyo kwa triga ya milisekunde 5, utazungusha D kutoka mwanzo hadi mwisho na hakuna kitakachobadilika. Mimi nilipoteza jioni nzima nikiamini moduli imeharibika. Sababu ni hii: ADSR inatazama geti. Geti likifungwa, inaruka kwenda R, popote ilipokuwa imefika. Triga imekwisha baada ya milisekunde 5, kwa hiyo D haikupata hata nafasi ya kuanza kazi. Mbaya zaidi, kama A ni ndefu kuliko triga, envelopu inakatwa kabla ya kufika kileleni na ngoma inatoka dhaifu, kama imepigwa na mtu mwenye homa.

Zipo njia mbili za kutoka. Ukiwa na triga, weka A sifuri, S juu kabisa, D usiiguse, na R iwe ndiyo urefu wa ngoma. Ukiwa na geti, weka S sifuri, na urefu uutafute kwa D. Geti liwe refu kuliko ngoma yenyewe. Mimi hupendelea ya kwanza kwa sababu kasi ya muziki ikibadilika ngoma haibadiliki. Zipo pia envelopu zenye A na D pekee, ambazo zikiguswa na triga hukamilisha safari yao hata geti likifungwa. Hizo zimetengenezwa kwa kazi hii hasa, na ukiwa nayo, matatizo haya huyajui.

Weka R milisekunde 400. Unasikia "uuum" inayofifia. Bado si ngoma, ni mluzi mzito. Kinachokosekana ni kule kushtuka kwa ngozi: ngozi ikipigwa inavutika, na ngozi iliyovutika hulia juu zaidi; ikilegea sauti inashuka. Tunaliiga hilo kwa ADSR ya pili.

Triga ileile igawe, iende pia kwenye ADSR ya pili: A sifuri, S juu, R milisekunde 40 tu. Itoke iingie kwenye tundu la FM la VCO, linalobadili masafa yake kwa volti, na nobu ya FM iweke asilimia 30. Hesabu yake: envelopu inafika volti 10, asilimia 30 ni volti 3, na katika mfumo huu kila volti moja hupandisha sauti oktava moja. Kutoka hezi 50, oktava tatu ni 100, 200, 400. Kwa hiyo kila pigo linaanza karibu na hezi 400 na kuporomoka hadi 50 kabla sikio halijatambua kilichotokea. Sikio halisikii mporomoko. Linasikia "dum".

Sasa cheza na ile milisekunde 40. Ipunguze mpaka 10: unapata "tup", ngoma ya mbao, imebana. Iongeze mpaka 200: "piuuu", bunduki ya sinema za anga za juu. Kati ya hizo mbili ndimo zilimo karibu ngoma zote nzito ulizowahi kusikia kwenye muziki wa kompyuta. Nobu mbili tu, kina cha mporomoko na muda wake, na hapa ndipo ninaposhauri ukae saa nzima bila kuendelea mbele.

Utagundua pia kwamba mapigo hayafanani: moja lina "tk" mwanzoni, linalofuata halina. Ni kwa sababu VCO haisimami. Inazunguka hata wakati bomba limefungwa, na kila triga inaikuta mahali tofauti pa wimbi. Igawe triga mara ya tatu, ichomeke kwenye SYNC ya VCO. Kila pigo sasa litaanza wimbi tangu mwanzo na yote yatafanana. Wengine huiacha bila SYNC kwa makusudi, wapate ule utofauti mdogo wa mkono wa binadamu. Kwa kayamba ningekubaliana nao. Kwa vumi, hapana. Ngoma nzito ikiyumba, wimbo mzima unayumba.

Hatua ya tatu: dumbaki bila osileta

Hii ndiyo njia ninayoipenda kuliko zote, na ni ya waya mmoja.

Chukua VCF, yaani filta. Usiiletee sauti yoyote. Triga ichomeke kwenye IN yake, pale ambapo kwa kawaida ungechomeka sauti. Tundu la LPF, linalopitisha masafa ya chini, liende kwenye spika, masafa yawe hezi 200 hivi. Kisha ongeza RES, nobu ya rezonansi, polepole.

Mwanzoni ni "tk" ileile. Ukizidi kuongeza inakuwa "tok". Halafu "tooo". Ukifika mbali sana filta inaanza kulia yenyewe bila kunyamaza; rudi nyuma kidogo, pale inapokaribia kulia lakini haiwezi kuendelea. Hapo una ngoma. Hakuna osileta, hakuna VCA, hakuna envelopu. Umeigonga filta kama unavyogonga chungu kujua kama kina ufa, nayo imelia kwa masafa yake na kufa kwa kasi yake. RES ndiyo urefu, FREQ ndiyo ukubwa wa chungu.

Si ujanja mpya. Ngoma nzito ya Roland TR-808, mashine ya Kijapani ya mwaka 1980 iliyoenea katika hip hop yote ya Marekani, imejengwa kwa msingi huo: ndani yake hamna osileta inayozunguka muda wote, mna sakiti inayogongwa na mpigo wa umeme, ikalia, ikanyamaza.

Wapigaji wa dumbaki katika taarabu wana mapigo mawili makuu: "dum" la katikati ya ngozi na "tak" la ukingoni. Weka filta mbili. Ya kwanza hezi 150, RES karibu na ukingo, ilie muda mrefu kidogo. Ya pili hezi 900, RES chini zaidi, ikate haraka. Triga mbili tofauti, kila moja kwenye filta yake, zote kwenye miksa. Zikijibizana utaelewa kwa nini ninaipenda njia hii.

Faida kubwa ya kugonga filta ni kwamba inahisi nguvu ya mkono. Pitisha triga kwenye VCA kabla haijaingia kwenye filta: triga ya volti 10 inalia kwa nguvu, ya volti 4 inalia kwa upole. Hapo unaweza kuweka mkazo kwenye pigo la kwanza na kulegeza mengine, kama mtu.

Sasa rudi kwenye ile nobu ya upana wa mpigo uifungue mpaka asilimia 50. Dumbaki imeanza kupiga mara mbili! Filta hugongwa na badiliko lolote la ghafla la umeme, na geti lina mabadiliko mawili, la kufunguka na la kufungwa. Kwa triga ya milisekunde 1 au 5 mabadiliko hayo yako karibu mno kiasi kwamba sikio linayachukua kuwa moja. Ukikuta ngoma yako inaongeza mapigo ambayo hukuyapanga, angalia kwanza kama umeichomekea geti.

Hatua ya nne: kayamba

Noise hutoa kelele nyeupe, ile ya redio iliyokosa stesheni. Ipitishe kwenye VCF, lakini chukua tundu la HPF, linaloacha masafa ya juu yapite na kuzuia ya chini. Anza na hezi 5,000. Kisha VCA, na ADSR yake.

Watu wengi huweka A sifuri hapa pia, kwa mazoea. Matokeo ni "ts", sauti ya matoazi ya mashine, na kama ndiyo unayotaka, weka R milisekunde 50 uendelee na maisha yako. Kayamba haiko hivyo. Ndani ya yale mabua mna mbegu, na ukiitikisa mbegu zinasafiri kutoka upande mmoja kwenda mwingine kabla hazijagonga. Kwa hiyo sauti yake hupanda kwanza, "shhhK", ndipo inakatika. Hiyo ina maana A ya milisekunde 20 au 30, na R fupi, milisekunde 40.

Unaona tatizo? Triga ya milisekunde 5 haiwezi kusubiri A ya milisekunde 30. Hii ndiyo ngoma pekee katika mwongozo huu inayotaka geti. LFO yake iwe tofauti, na upana wa mpigo uongeze mpaka geti lidumu milisekunde 30 au zaidi kidogo. Na kwa kuwa kayamba hutikiswa kwenda na kurudi, na kurudi huwa hafifu, pigo la pili lipe umeme pungufu kwenye VCA. Masikio hayatambui hesabu, lakini mwili unajua kwamba mkono umekwenda na umerudi.

Upatu na makofi

Upatu ninaouzungumzia ni ile sahani ya shaba inayogongwa ngomani, si mchezo wa kuchangishana fedha. Shaba haikai kwenye mstari kama uzi wa gitaa. Masafa yake hayagawanyiki vizuri, ndiyo maana inalia kwa ukali usioweza kuuimba. Chukua VCO mbili. Ya kwanza hezi 400, ya pili hezi 565, karibu mara 1.41 ya kwanza. Ya pili iingie kwenye FM ya kwanza, na kama kuna swichi ya LIN iwashe ili sauti isipande ovyo. VCA, triga, R ndefu: milisekunde 800 au sekunde nzima. Ongeza nobu ya FM mpaka shaba ionekane. Kisha badili ile 565 kidogo kidogo: kuna mahali inageuka kengele, mahali pengine sufuria. TR-808 ilifanya matoazi yake kwa kuchanganya osileta sita za mraba zisizopatana, ni wazo hilohilo.

Makofi ni kelele iliyochujwa karibu na hezi 1,000, lakini iguswe na triga tatu au nne zinazofuatana kwa milisekunde 10 hivi, kisha mkia mfupi. Siri yote iko katika kutopatana kwa mikono: watu wakipiga makofi hawapigi pamoja kabisa. Moduli za kuzalisha triga za mfululizo zipo nyingi za bure.

Ukiwa na geti la filta

Don Buchla, mbunifu wa sinthesaiza aliyefanya kazi zake Berkeley, California, aliunganisha filta na VCA katika moduli moja ambayo siku hizi huitwa geti la filta. Ndani yake mlikuwa na vactrol: kitaa kidogo na rizista inayohisi mwanga, vimefungwa pamoja gizani. Triga inawasha kitaa, rizista inashtuka, kitaa kinazimika, lakini rizista haisahau mwanga mara moja. Inarudi taratibu, na katika kurudi huko masafa ya juu yanafungwa kwanza, ya chini yanafuata.

Ndivyo mti unavyofanya. Gonga mzinga wa ngoma: mlio mkali unatoweka kwanza, mvumo unabaki. Kwa hiyo ukichomeka wimbi lolote kwenye geti la filta na kuligusa kwa triga, linatoka likiwa tayari ngoma ya mti, hata kama hukuwa na mpango. Ni moduli ambayo huwezi kukosea nayo, na kwa sababu hiyo wengine wameichoka. Mimi bado.

Kuzipanga

Usitumie LFO nyingi zisizojuana. Zitaachana baada ya dakika. Weka saa moja mama, kisha moduli ya kugawa saa. Jaribu hivi: saa inapiga sita katika duru moja. Mgao wa mbili uende kwenye kayamba, mgao wa tatu uende kwenye vumi. Kayamba inapiga mara tatu katika duru, vumi mara mbili, zinakutana kwenye pigo la kwanza tu. Tatu juu ya mbili. Aliyewahi kusimama karibu na ngoma ya chakacha hahitaji maelezo zaidi, kiuno kitamweleza.

Kuna pia sikwensa za Euclid, moduli za kupanga mfululizo wa mapigo, zinazotawanya mapigo kwa usawa iwezekanavyo ndani ya hatua ulizotaja. Godfried Toussaint, mwanasayansi wa kompyuta, alionyesha mwaka 2005 kwamba hesabu hiyo ya Euclid, Mgiriki wa kale, hutoa midundo mingi ya asili ya sehemu mbalimbali za dunia. Mapigo 3 katika hatua 8, mapigo 7 katika hatua 12: anza na hayo, hiyo ya pili uipe upatu.

Sasa jambo la kasi. Kwa mapigo 120 kwa dakika, pigo moja lina milisekunde 500, na vumi yako ya milisekunde 400 inakaa vizuri ndani yake. Ukitaka kukimbia kama singeli ya Dar es Salaam, inayovuka mapigo 200 na mara nyingine kufika 300, hesabu inabadilika. Kwa 240, pigo zima ni milisekunde 250, na robo yake ni 62 na ushee. Vumi ile ya 400 itapanda juu ya mwenziwe kila mara, na utasikia tope badala ya mdundo. Shusha R ya vumi mpaka 120, kayamba mpaka 25, dumbaki ipunguze RES. Unaweza kushangaa jinsi ngoma fupi hivyo, ukizisikiliza moja moja, zinavyoonekana si kitu. Kwa kasi ile ndizo zinazosikika. Kila ukibadilisha kasi ya saa, pitia tena R zote kabla hujagusa kitu kingine.

Baada ya hapo zipe uhai kidogo. Moduli ya Random, volti zake zipunguze mpaka zibaki chembe, kisha ziende kwenye FREQ ya dumbaki. Ukisikia mabadiliko waziwazi, umezidisha.

Kwa wanaohamia kwenye vifaa halisi

Waya bapa wa umeme una mstari mwekundu. Kwa kawaida upande huo huelekea −12. Soma alama kwenye moduli kabla ya kuchomeka, umeme ukiwa umezimwa. Mimi nilichomeka kinyume usiku mmoja nikiwa na haraka, na harufu ile ya plastiki naikumbuka kuliko wimbo niliotaka kurekodi.

Triga nazo hazifanani. Moduli nyingine inatoa milisekunde 1, nyingine inayopokea inataka angalau 5, na hapo utakuta ngoma inayokosa mapigo hapa na pale bila mpangilio. Sinthesaiza za zamani za Moog zilitumia triga ya aina nyingine kabisa, ambayo badala ya kupandisha volti huunganisha waya na ardhi. Hizo zinahitaji kibadilishaji. Na ukigawa triga moja kwenda moduli tano kwa waya wa kawaida wa kugawanya, volti inaweza kushuka njiani ngoma ya mwisho isihisi kitu. Tumia moduli ya kugawa yenye umeme wake.

Ndani ya VCV Rack hayo yote hayapo. Weka moduli ya Recorder mwishoni mwa miksa, ni ya bure, bonyeza kitufe chekundu, na acha vumi ianze peke yake duru nne kabla hujaiingiza kayamba.